Namna ya kuwasikiliza WITCH wa Zambia, albamu kwa albamu

Zima kwanza kile kitufe cha kuchanganya nyimbo. Hilo ndilo sharti langu kwa yeyote anayeniuliza aanzie wapi na WITCH, na silegezi. Programu ya muziki kwenye simu itakupa "nyimbo zao bora" zikiwa zimevurugwa: wa 1975 juu, wa mwanzo mwanzo katikati, wa disko wa miaka ya 1980 chini, nawe utaondoka ukidhani hizo ni bendi tatu zisizojuana. Hawa watu walipanda na kufifia ndani ya miaka michache, na safari yote imo kwenye albamu zao tano za kwanza. Ukizifuata kwa mpangilio wa miaka, utagundua kwamba vidole vyao havikuchoka hata siku moja. Kilichobadilika ni nchi iliyowazunguka, na mabadiliko hayo yanasikika mpaka kwenye ngoma.

Kama jina ni geni kwako: WITCH ni kifupi cha We Intend To Cause Havoc, bendi ya roki kutoka Copperbelt, ukanda wa migodi ya shaba wa Zambia, iliyowika miaka ya 1970. Muziki wao na wa wenzao waliuita Zamrock. Ni roki ya saikedelia: magitaa yenye pedali za fazi na wawa (vifaa vya mguu vinavyogeuza sauti ya gitaa, nitavieleza mbele), kinanda kinachozunguka nyuma, na ngoma zilizojifunza kwa James Brown kama zilivyojifunza kwa Rolling Stones na Jimi Hendrix, huku mapigo ya nyumbani yakiwa hayajaondoka mwilini mwa mpigaji.

Kabla hujabonyeza

Tafuta hedifoni zinazofunika sikio zima, au spika yenye besi ya kweli. Hili silisemi kwa maringo. Uzi mzito wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatetema mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ya simu haifiki huko chini. Mimi ni mpiga besi, na naumia nikimwona mtu anasikiliza WITCH kwenye spika ya simu kisha anasema sauti yao ni nyembamba. Zile rekodi za mwanzo zina wembamba wake, sikatai, lakini besi imo. Anayeikosa ni yule ambaye chombo chake hakiwezi kuitoa.

Usihangaike na santuri za zamani. Zilizosalia ni adimu, na bei zake ni za wakusanyaji. Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilizitoa upya albamu hizi, na mwaka 2012 ikazikusanya kwenye kasha moja. Matoleo hayo yanatosha kabisa kwa kazi tunayoifanya hapa.

Kisha wajue watu. Katika safu ile iliyojenga jina la bendi, mwimbaji alikuwa Emanuel Chanda, aliyepewa jina la Jagari kwa sababu ya Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Gitaa la solo lilikuwa la Chris Mbewe, la rithimu la John Muma, besi ya Gedeon Mulenga aliyeitwa Giddy King, kinanda cha Paul Mumba, na ngoma za Boidi Sinkala. Andika majina haya sita pembeni. Nasisitiza kwa sababu utayahitaji tena mwishoni, na kwa sababu wengi huandika kuhusu bendi hii kana kwamba Jagari alisimama peke yake jukwaani.

Kila albamu isikilize mara mbili. Mara ya kwanza mfuate Mulenga na Sinkala tu, besi na ngoma. Njia ninayoipenda ni kuimba mstari wa besi kwa mdomo uliofumbwa, polepole, huku wimbo ukiendelea. Baada ya nyimbo mbili tatu sikio litakuwa limeshuka chini na litakaa huko lenyewe. Mara ya pili uache mwili uchague: sauti, gitaa, kinanda, chochote kinachokuita. Ukigeuza mpangilio huu, gitaa la Mbewe litakuteka mapema na hutasikia sakafu aliyosimamia.

Introduction: sikiliza chumba

Albamu ya kwanza, Introduction, ni ya mwanzoni kabisa mwa miaka ya 1970, na imo kwenye kundi la kwanza la albamu za roki zilizotolewa Zambia. Usiihukumu kwa usafi wa sauti. Utasikia vyombo vimebanana, kinanda kikipanda juu ya gitaa, mwimbaji akisukumana na wenzake apate nafasi. Hiki ni kikundi kilichozoea ukumbi kikiwekwa mbele ya maikrofoni, nacho kikapiga kama kilivyopiga ukumbini.

Na kumbi zenyewe zilikuwa moto. Zambia ilikuwa huru tangu Oktoba 1964, na shaba ililetea nchi zaidi ya asilimia 90 ya fedha zake za kigeni. Miji ya migodi kama Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira na Luanshya ilikusanya watu wa kila kabila na wataalamu kutoka ng'ambo waliokuja na santuri zao. Kijana mwenye redio nzuri aliwasikia Hendrix na Deep Purple karibu wakati mmoja na kijana wa London. WITCH walipiga mpaka usiku wa manane, Jagari alikuwa na tabia ya kuruka kutoka roshani ya ukumbi, na polisi waliitwa kuzuia mashabiki. Kuna fedha mfukoni, kuna umeme ukutani, kuna usiku mrefu wa kucheza. Shika hayo matatu, maana yataanza kuondoka moja baada ya jingine.

Kwa hiyo sikiliza Introduction ukitafuta nguvu ya watu wasiotazama saa. Nyimbo ni fupi, za Kiingereza, na zinakimbia. Weka "Home Town" mara mbili mfululizo.

In the Past, ya 1974, sitakaa nayo sana. Ni daraja. Wanapiga vizuri zaidi, wanajua studio zaidi, na kinanda cha Mumba kimepata pa kukaa. Ipitie yote mara moja, urudi kwenye "Young Lady", kisha songa mbele, kwa sababu inayofuata ndiyo albamu unayopaswa kuitengea jioni nzima.

Lazy Bones!!: tenga jioni nzima

Hii ni ya 1975 na ndiyo kilele. Kama kuna mtu anaamini roki ya saikedelia ilikuwa mali ya California na London peke yake, mkalishe hapa.

Anza na "Black Tears". Paza sauti kiasi cha besi kugusa kifua, lakini usifike pale spika inapoanza kukwaruza, kwa sababu fazi ya gitaa ina mkwaruzo wake, na unataka kuusikia huo, si wa spika yako. Fazi hufanya kazi kwa kuyakata mawimbi ya sauti kileleni mpaka yawe bapa. Ndiyo maana noti moja ya gitaa inajaa chumba na kukataa kufa. Wawa ni kitu kingine: ni kichujio kinachoendeshwa kwa mguu, kikipandisha na kushusha sehemu fulani ya sauti, na gitaa linaanza kutamka irabu kama mdomo wa mtu. Katika albamu hii jizoeze kuzitenganisha mbili hizi. Ukiweza kusema "hapa ni fazi, hapa ni wawa, hapa ni zote mbili", utakuwa umeanza kumsikia Mbewe anavyofikiri.

Sasa mteremkie Mulenga. Mwendo wa albamu hii ni mzito kuliko wa zile mbili za mwanzo, na mwendo mzito ndio mtihani wa mpiga besi. Kwenye wimbo wa kasi unaweza kujificha ndani ya wingi wa noti. Kwenye wimbo wa polepole kila noti inaonekana inapoingia na inapotoka. Mulenga anajua kutoka. Anaacha uwazi kabla ya pigo, na uwazi huo ndio unaoifanya ngoma ya Sinkala isikike kubwa hivyo. Nimewaambia vijana wengi wanaoshika besi wasikilize "Motherless Child" na "Tooth Factory" bila chombo mkononi, wahesabu pale ambapo besi haipigwi.

Ukimaliza upande wa muziki, weka kalenda kando yake. Miezi ya mwanzo ya 1974 bei ya shaba duniani ilikuwa juu sana; kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeporomoka. Mafuta yalikuwa yamepanda bei tangu 1973. Mpaka na Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ulikuwa umefungwa tangu Januari 1973, mizigo ikapaswa kutafuta njia nyingine, na reli ya TAZARA ya kuelekea Dar es Salaam ilikuwa bado haijakabidhiwa rasmi. Hilo lilikuja Julai 1976. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga na reli ya Benguela. Yaani albamu yao nzito na yenye kujiamini kuliko zote ilitoka wakati nchi imeshaanza kuishiwa.

Hili linanigusa kuliko jambo lolote katika historia yao. Bendi ya roki huishi kwa vitu vya kuagiza: nyuzi za gitaa, valvu za amplifaya, ngozi za ngoma, pedali, hata santuri yenyewe. Fedha za kigeni zikikauka, hakuna anayekuja kuwaambia muache kupiga. Uzi unakatika na hupati mwingine. Amplifaya inaungua na fundi hana kipuri. Kwenye Lazy Bones!! bado vyombo vina afya, na nakuomba uisikie hiyo afya ukijua inakoelekea.

Simama hapa, watembelee majirani

Kabla ya albamu ya nne, toka nje kidogo. Usifanye hivi mapema, utapotea. Fanya sasa, sikio likiwa limekwisha pata kipimo.

Wasikilize Amanaz kwenye Africa, ya 1975 pia. Wao ni wapole zaidi, wenye huzuni zaidi, na "Khala My Friend" ni wimbo wa kuagana unaostahili kimya cha chumba kizima. Kisha Musi-O-Tunya wa Rikki Ililonga, waliobeba jina la kienyeji la maporomoko ya Victoria na kwenda kufanya kazi Nairobi. Kwao ngoma na tumba ziko mbele na gitaa linafuata. Halafu Paul Ngozi na Ngozi Family, fazi kavu kabisa isiyo na mapambo. Ukirudi kwa WITCH baada ya hao watatu utasikia wazi walichokuwa nacho wao peke yao: sita waliojaza kila pembe bila kukanyagana.

Lukombo Vibes na Including Janet: hapa ndipo watu hukosea

Wapenzi wengi wa roki wakifika Lukombo Vibes ya 1976 husema bendi imelegea. Sikubaliani nao, na nitakuonyesha namna ya kuisikia.

Weka "Kangalaitoito". Jina si la Kiingereza tena, na mwili wa wimbo pia umehama. Mapigo ya Kiafrika, yaliyokuwa yamejificha kwenye miguu ya Sinkala, sasa yamekuja mbele na kupewa nafasi yao. Osibisa, bendi ya London ya wanamuziki wa Afrika Magharibi na Karibi, walikuwa wamekwisha onyesha kwamba gitaa la umeme na ngoma za nyumbani vinaweza kukaa meza moja. Na Rais Kenneth Kaunda, mtu aliyepiga gitaa mwenyewe, alitoa agizo kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia. Unaweza kulijadili agizo hilo unavyotaka, lakini lilifungua mlango kwa bendi za nyumbani, na likawauliza wanamuziki swali zito: muziki wa Zambia ni upi?

Sikiliza Lukombo Vibes kama watu wanaojaribu kulijibu swali hilo wakiwa wazima, wakiwa na vyombo mikononi. Fazi imepungua, ndiyo. Zoezi langu ni hili: chagua wimbo wowote wa Lazy Bones!!, sikiliza mguu wa kulia wa mpiga ngoma, yaani ngoma kubwa, kwa dakika moja. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye Lukombo Vibes. Utasikia mguu ule ule ukiwa na mazungumzo mapya. Mtu aliyelegea hajifunzi lugha mpya ya mguu.

Including Janet, ya 1977, ni laini zaidi. "Janet" ulipendwa sana, na jalada lenyewe linakutangazia kwamba umo. Usiukatae kwa sababu ni mtamu. Sikiliza uimbaji wa Jagari: amejifunza kutopiga kelele. Halafu nenda "Nazingwa", ukae hapo. Mimi husikia ndani yake watu wanaofanya kazi kwa uangalifu, wakipanga kila kitu mahali pake, kwa sababu hakuna tena cha kupoteza ovyo.

Muda mfupi baadaye Jagari aliondoka. Alikwenda Lusaka, Chuo cha Evelyn Hone, kusomea ualimu wa muziki. Nawaomba wasomaji wasilione hilo kama kuanguka. Katika nchi ambayo mshahara wa mwanamuziki ulikuwa unayeyuka, kuchagua darasa ni uamuzi wa mtu mzima.

Usiku unapofungwa

Albamu mbili zinazofuata, Movin' On ya 1980 na Kuomboka, zisikilize kwa haraka na kama bendi nyingine yenye jina lile lile. Kinanda cha Patrick Mwondela kimeshika usukani, mwendo ni wa disko, gitaa limekaa nyuma. Zina mambo yake mazuri, hasa kwa anayependa vinanda vya enzi hizo.

Ila elewa kwa nini zinasikika hivyo. Zambia ilikuwa imewapa hifadhi wapigania uhuru wa Rhodesia, Namibia na Afrika Kusini, na ikalipa: mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege na makomando wa Rhodesia walishambulia ndani ya nchi. Taa zikazimwa usiku, watu wakazuiwa kutembea baada ya giza. Bendi zilizozoea kupiga mpaka usiku wa manane zikahamia mchana. Roki ya saikedelia iliyoundwa kwa ajili ya ukumbi wenye giza, jasho na saa zisizohesabiwa, ikawa inapigwa alasiri, watu wakiwahi nyumbani. DJ mwenye santuri mbili alikuwa nafuu kuliko wanamuziki sita na amplifaya zao. Kaseti za kunakili nazo zikala mauzo yaliyobaki. Fedha, umeme, usiku: yale matatu ya mwanzo yote yamekwenda.

Kuna lililokuja baada ya hapo ambalo halimo kwenye rekodi yoyote. Mbewe, Muma, Mulenga, Mumba na Sinkala wote wamefariki, wengi wao kwa UKIMWI, katika miaka ambayo dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijamfikia Mzambia wa kawaida. Rudi kwenye yale majina uliyoyaandika. Kisha weka tena "Black Tears" na umtaje kila mmoja chombo chake kinapoingia. Najua si kila mtu ataona haja ya kufanya hivi. Mimi nadhani tuna deni nao, na hii ni njia ya kuanza kulilipa.

Zango, na baada yake

Jagari aliingia kwenye uchimbaji wa vito na akakaa huko miaka mingi. Matoleo mapya yalipomfikisha kwa wasikilizaji wa ng'ambo, alirudi jukwaani akiwa na wanamuziki vijana wa Ulaya, akiwamo Mholanzi Jacco Gardner kwenye besi, na Mwondela kwenye kinanda. Mwaka 2019 ikatoka filamu ya hali halisi kuhusu bendi. Mwaka 2023 ikatoka Zango, iliyorekodiwa DB Studios mjini Lusaka, na Sogolo ikafuata mwaka 2025.

Zango isikilize ukiwa umemaliza zile tano, si kabla. Usitafute Lazy Bones!! ndani yake. Tafuta sauti: yule kijana wa roshani sasa ni mzee, na sauti yake imepata mchanga ambao hauwezi kununuliwa. Sampa the Great yumo, binti wa Zambia wa kizazi kingine kabisa, na Keith Kabwe wa Amanaz yumo pia. Usipite "Waile" haraka. Jagari aliutunga miaka ya 1970, ukakaa bila kurekodiwa mpaka hapa.

Kama jioni yako ni moja tu na huna nafasi ya albamu zote hizo, basi chukua nyimbo nne kwa mpangilio huu na usiubadilishe: "Home Town", "Black Tears", "Kangalaitoito", "Waile". Hedifoni masikioni, besi kwanza.